Siku Tisa Bila Neno la Radoslav

YAVOR: Haloo? Ni nani?

TSVETA: Mimi. Tsveta.

YAVOR: Tsveta gani? Namba hii siijui.

TSVETA: Wa duka la dawa. Kwani unao wangapi? Hii simu ya bibi yangu, yangu imeisha chaji. Na salio lake ni la kubana, kwa hiyo usinipigishe soga.

YAVOR: Basi mpe bibi shikamoo.

TSVETA: Zimefika. Uko wapi?

YAVOR: Nimewahi. Niko chumba cha chini, nyumba ya utamaduni, nawasha jiko. Kuni zimelowa theluji, ni moshi mtupu. Lakini mkija saa kumi na mbili mtakuta joto. Unaleta pai ya banitsa?

TSVETA: Yavor—

YAVOR: Ya jibini. Ile ya malenge hata Rado aliikataa, na Rado anakula mpaka penseli zangu.

TSVETA: Rado umemwona?

YAVOR: Wapi. Yule si marehemu?

TSVETA: Usiseme hivyo.

YAVOR: Kanuni ya meza, dada. Kila mtu ana mhusika wake kwenye hadithi tunayoicheza kwa dadu; wako akifa, unafunga mdomo mpaka mchezo unaofuata, tumzike, ndiyo unarudi na mhusika mpya. Tuliitunga kwa ajili yake, na nakuambia ukweli, sikutegemea ataifuata. Yule aliyekuwa ananipigia usiku wa manane kubishania mshale wa mhusika wake unafika hatua ngapi. Tangu mhusika wake afe Ijumaa ile, sijapata simu, sijapata ujumbe. Nimelala kama mtoto.

TSVETA: Mimi pia sijapata.

YAVOR: Si ndiyo. Yaani amekua. Tena leo kanichekesha, ngoja. Nimefika hapa nikakuta tangazo la kifo mlangoni.

TSVETA: Tangazo la nani?

YAVOR: La Grozdan. Mhusika wake. Kalitengeneza sawasawa na haya ya wafu tunayobandika kwenye nguzo, ukingo mweusi, msalaba juu, picha katikati. Picha kachora mwenyewe, ile kofia ya manyoya na kovu. Chini ameandika, "Siku tisa tangu atutoke." Nimecheka peke yangu kama mwehu.

TSVETA: Siku tisa.

YAVOR: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili… eh, leo ni ya tisa. Kahesabu vizuri, ndiyo siku ya kumkumbuka marehemu. Kuna shairi pia.

TSVETA: Nisomee.

YAVOR: Si ulisema salio—

TSVETA: Soma, Yavor.

YAVOR: Haya. Subiri nilibandue mlangoni, nisome kwa mwanga wa jiko, huku ndani giza. [mikwaruzo] "Aliyeanguka yuko, chini ya maji ya bwawa. Hasemi hana kicheko, kama alivyoambiwa. Jina li jivuni huko, motoni lilikotiwa. Saa kumi ni maziko, mtu na aliyefiwa." Umesikia? Vina vimekaa, mizani imekaa. Sikujua jamaa ana mkono huu. Angekuwa anatumia muda wake hivi badala ya kutusumbua—

TSVETA: Rudia mwisho.

YAVOR: "Saa kumi ni maziko." Kakosea, sisi tunaanza saa kumi na mbili. Nilidhani—

TSVETA: Na baada ya hapo?

YAVOR: "Mtu na aliyefiwa."

TSVETA: Wanazikwa wangapi hapo?

YAVOR: Ni shairi, Tsveta. Alikuwa anatafuta kina.

TSVETA: Mama yake alikuja hapa dukani saa nane.

YAVOR: Shangazi Nevena? Anaumwa?

TSVETA: Kaja na kifurushi cha karatasi. Kaniwekea juu ya kaunta, mbele ya watu, kaniuliza, "Mwanangu mmemfanya nini?" Ni karatasi anazoandika Rado nyumbani. "Mama, nipe chumvi." "Mama, soksi ziko wapi." Siku tisa hajamsemesha mama yake. Kazini hajamsemesha mtu, wamempa likizo, wanasema anaumwa koo.

YAVOR: Lakini kanuni ni ya mezani. Ni sisi tu. Nani kamwambia asimsemeshe mama yake?

TSVETA: Karatasi ya jana imeandikwa, "Mama, kesho chemsha ngano."

YAVOR: Ngano ya—

TSVETA: Ngano ya wafu, eh. Ya kupeleka makaburini. Mama yake akadhani ni ya Lyuben.

YAVOR: Lyuben ni nani?

TSVETA: Kaka yake, Yavor. Ndiye yule kijana aliyekufa kwa pikipiki. Barabara ya bwawani, miaka miwili iliyopita. Tangazo lake bado liko getini kwao.

YAVOR: Nilijua ana kaka alikufa. Jina sikulijua. Yeye hakuwahi kusema.

TSVETA: Na ulikuwa unamuuliza? Kila akifungua mdomo unaangalia saa.

YAVOR: Sote tulikuwa tunaangalia saa, usijitoe. Wewe ndiye uliyesema, "Yavor, mtoe yule mtu au natoka mimi." Kamen alishaacha kucheza nasi. Dakika arobaini, dada, dakika arobaini tulibishana kama kamba ikilowa inashika au inateleza. Nifanye nini?

TSVETA: Nilisema ukaongee naye. Mkae, kikombe cha kahawa katikati, umwambie, "Rado, unatuchosha." Sikusema umuue Grozdan.

YAVOR: Sikumuua mimi. Alianguka. Dadu—

TSVETA: Ngoja. Hapo tutafika. Karatasi aliyokuwa anachezea, yenye maelezo ya Grozdan, unaikumbuka?

YAVOR: Ile kuukuu? Ya wino wa zambarau? Imejaa gundi kuliko karatasi.

TSVETA: Mwandiko wa nani?

YAVOR: Wake.

TSVETA: Mama yake kaniletea karatasi kumi na nne hapa. Rado anaandika herufi kubwa, zimesimama kama uzio. Ile ya Grozdan ilikuwa imelala, imeungana.

YAVOR: [kimya]

TSVETA: Haloo?

YAVOR: Nipo.

TSVETA: Lyuben alikuwa anacheza alipokuwa chuo, Plovdiv. Grozdan alikuwa wake. Shangazi Nevena anasema waliporudishiwa vitu vyake, Rado hakuchukua kitu kingine. Aliichukua karatasi na koti.

YAVOR: Ndiyo maana…

TSVETA: Ndiyo maana nini?

YAVOR: Alikuwa hataki Grozdan avuke mto. Hataki apande ukuta. Hataki akae zamu ya kwanza. Kila kitu anabisha, kila kitu anafungua kitabu. Nilikuwa nadhani ni mwoga tu na mjuaji.

TSVETA: Alikuwa anamlinda.

YAVOR: Na mimi nikai… Tsveta, mimi niliitia karatasi ile humu. Kwenye jiko hili. Si ndiyo desturi, karatasi ya marehemu inakwenda motoni, wote tumefanya hivyo, za kwako nilichoma mbili na ulipiga makofi. Nikamwambia, "Lete." Akanipa mwenyewe. Hakubisha.

TSVETA: Nakumbuka.

YAVOR: Mara ya kwanza katika mwaka mzima hakubisha. Nilimpiga bega nikamwambia, "Safi, umekomaa."

TSVETA: [mikwaruzo] …saa ngapi hapo?

YAVOR: Nini?

TSVETA: Saa ngapi kwako?

YAVOR: Tisa na nusu. Kasoro.

TSVETA: Grozdan alianguka wapi?

YAVOR: Kwenye ukuta wa… Ah.

TSVETA: Sema.

YAVOR: Ramani zangu zote ni za bonde hili, unajua hilo. Nachora ninachokiona. Ngome ni ukuta wa bwawa. Alianguka katikati ya ukuta, upande wa maji.

TSVETA: Washa gari.

YAVOR: Umempigia?

TSVETA: Mara nane. Inaita. Polisi nao nimewapigia, mia na kumi na mbili, wanakuja kumtafuta, ila wanatokea upande wa pili wa mlima na theluji imeziba njia yao. Wanasema dakika arobaini, labda hamsini. Mimi sina gari. Wewe uko kilomita sita tu kutoka bwawani. Yavor, washa gari.

YAVOR: Natoka. Natoka, natafuta funguo, zilikuwa— nimezipata. Usikate.

TSVETA: Sikati. Ikikatika ujue ni salio.

YAVOR: [mlango, upepo] Jiko nimeliacha wazi.

TSVETA: Liache.

YAVOR: [injini] Pengine yuko nyumbani. Pengine anachora.

TSVETA: Mama yake anasema kaondoka saa saba kwa miguu. Kavaa koti la Lyuben. Kachukua bakuli la ngano.

YAVOR: Basi anaenda makaburini.

TSVETA: Nilimtuma mtoto wa jirani yake aangalie makaburini. Kuna nyayo za kuingia na za kutoka. Bakuli liko kaburini kwa Lyuben, limebaki nusu.

YAVOR: Barabara ni kioo. Naenda taratibu.

TSVETA: Nenda taratibu ila nenda. Na sasa niambie kuhusu dadu.

YAVOR: Dadu gani?

TSVETA: Yavor.

YAVOR: Ile ya pande ishirini ilitoa tatu. Nilisema mezani, kila mtu alisikia. Ilitoka tatu, mguu ukateleza kwenye barafu, akaanguka.

TSVETA: Mimi nilikaa wapi siku ile?

YAVOR: Sikumbuki.

TSVETA: Kulia kwako. Kwa sababu upande wa kushoto jiko lilikuwa linaniunguza. Kile kizuizi chako cha kadibodi kinaficha mbele, kulia hakifichi.

YAVOR: Tsveta, naendesha.

TSVETA: Niliiona dadu. Ilikuwa kumi na saba.

YAVOR: [mikwaruzo] …sisikii…

TSVETA: Unasikia. Kumi na saba. Uliitazama, ukaifunika kwa kiganja, ukasema tatu.

YAVOR: [kimya]

TSVETA: Haya, kata simu kama unataka.

YAVOR: Kama uliiona mbona ulinyamaza?

TSVETA: Kwa sababu nilifurahi. Umeridhika? Nilifurahi. Nikasema, leo nitafika nyumbani mapema. Siku tisa nimekaa na hiyo furaha, imeniozea tumboni. Sasa zamu yako.

YAVOR: Nilikuwa nimechoka. Kwangu ile ilikuwa namna ya kumwambia. Nikasema akifa mhusika wake labda atakasirika, ataondoka mwenyewe, hakuna atakayelazimika kumtazama usoni na kumwambia toka. Nilidhani ni ustaarabu.

TSVETA: Umefika wapi?

YAVOR: Kiwanda cha mbao. Naona nyayo pembeni ya barabara. Mtu mmoja. Zinapanda.

TSVETA: Zinashuka?

YAVOR: Hapana. Zinapanda tu.

TSVETA: Sikiliza sasa. Ukimkuta usimwambie habari za mama yake. Usimwambie maisha ni mazuri, wala usimwambie Lyuben asingependa. Kaambiwa hayo na kanisa zima.

YAVOR: Nimwambie nini? Hatanijibu. Marehemu haongei.

TSVETA: Ndiyo. Kwa hiyo mwambie hakufa.

YAVOR: Nani?

TSVETA: Grozdan. Mwambie dadu ilitoka kumi na saba. Mwambie ulidanganya.

YAVOR: Unajua unaniomba nini?

TSVETA: Najua.

YAVOR: Miaka minane naongoza hii meza. Watu wanatoka mjini Smolyan kuja kukaa kwangu, wanapanda mlima na baridi hii, kwa sababu moja tu, wanajua Yavor hapindishi dadu. Nikisema nimepindisha moja, zote zimepinda. Vifo vyote, ushindi wote. Meza imekwisha. Hakuna atakayekaa kwangu tena.

TSVETA: Sawa. Mimi pia sitakaa. Mwambie hata hivyo.

YAVOR: Unajua kumchoma mtu.

TSVETA: Ni saa ngapi?

YAVOR: Kumi kasoro dakika kumi na moja. Kona ya mwisho. Naliona bwawa.

TSVETA: Unaona nini?

YAVOR: Subiri, ukungu. Ukuta umejaa theluji. Kuna taa. Kuna… hapana, ni nguzo.

TSVETA: Yavor.

YAVOR: Siyo nguzo.

TSVETA: Amesimama?

YAVOR: Amekaa. Katikati, pale pale nilipochora. Juu ya ukingo. Amenipa mgongo. Koti la kijani.

TSVETA: Miguu iko upande gani?

YAVOR: Wa maji.

TSVETA: Zima injini. Usipige honi. Usikimbie.

YAVOR: Nimezima. Natoka. Nakuweka mfukoni, mfuko wa juu, usiseme kitu.

TSVETA: Sisemi.

YAVOR: [upepo, hatua kwenye theluji] Rado.

YAVOR: [upepo] Ni mimi, Yavor. Sisogei. Nimesimama hapa nyuma yako, mikono hii hapa. Nimesoma tangazo lako. Shairi lako ni zuri kuliko chochote nilichowahi kusoma mezani, nimeliweka hapa kifuani. Ila lina kosa.

YAVOR: [upepo] Umeandika ameanguka. Hakuanguka. Nilirusha dadu nyuma ya kizuizi na ilitoka kumi na saba. Nikaifunika. Nikasema tatu. Nilidanganya, Rado. Tsveta aliona. Nilitaka uondoke na sikuwa na moyo wa kukwambia, ndiyo nikakudanganya. Nikaichoma karatasi ya kaka yako, na sikujua ni ya kaka yako, na nilipaswa kuuliza.

YAVOR: [kimya kirefu, upepo]

YAVOR: Grozdan yuko hai. Kanuni haikuhusu. Unaweza kusema.

TSVETA: [kwa kunong'ona] Amesema?

YAVOR: Hapana.

TSVETA: Amegeuka?

YAVOR: Kichwa tu. Ananitazama. Mdomo wake una theluji. Anausogeza, lakini…

TSVETA: Mpe nafasi.

YAVOR: [upepo] Unasemaje, Rado? Sikusikia. Sauti yako imekauka, rudia.

TSVETA: Kasema nini?

YAVOR: Kasema, "Haitoshi."

TSVETA: Haitoshi nini?

YAVOR: Haitoshi nini, Rado? [upepo] Anasema… anasema kumi na saba haitoshi. Anasema ukuta ulikuwa na barafu, kwenye barafu unatoa nne. Zinabaki kumi na tatu.

TSVETA: Anahesabu?

YAVOR: Anahesabu. Anauliza nilikuwa nataka ngapi ili asianguke. Kumi na mbili, Rado. Nilitaka kumi na mbili. [upepo] Anasema siku ile nilitamka kumi na nne. Kwa hiyo ameanguka.

TSVETA: Yavor, nisikilize, simu imelia, salio linakwisha—

YAVOR: Nimkubalie nini? Kama nilisema kumi na nne kweli, basi kweli ame—

TSVETA: Usikubali. Bisha.

YAVOR: Eh?

TSVETA: Bishana naye. Umemkatisha mwaka mzima, sasa usimkatishe. Mwambie ilikuwa kumi na mbili. Mwambie hajui kitabu. Mchokoze.

YAVOR: [kwa sauti] Hapana, bwana. Hapana. Ilikuwa kumi na mbili, na barafu inatoa mbili, si nne. Nne ni ya mteremko. Unachanganya. Miaka yote unasoma kitabu kichwa chini. [upepo] Ukurasa upi? Hakuna ukurasa huo. [upepo] Basi kitabu kiko garini, Rado. Kiti cha nyuma. Njoo unionyeshe, kwa kidole, nione mstari wenyewe.

TSVETA: Anafanya nini?

YAVOR: Ana hasira.

TSVETA: Na miguu?

YAVOR: Mmoja umerudi huku. Mmoja bado uko kule.

TSVETA: Endelea. Usimpe hata nukta moja, mbishie barafu, mbishie kamba, mbishie mpaka polisi wafike, mpaka kesho, mpaka wote wawili mme—

[Mlio mfupi, mara tatu. Salio limekwisha.]